Picha Huvuka Bahari, Maungamo Hubaki Ng'ambo

Miongoni mwa mitumba yote inayoingia katika nchi yetu, ipo moja ambayo wachumi hawaitaji katika hesabu zao. Si shati wala kiatu, bali ni jarida. Kwa miaka mingi wachuuzi wa vitabu kandokando ya barabara za jiji la Nairobi wamekuwa wakitandaza majarida ya Uingereza na Marekani ambayo wenyewe walikwisha kuyasoma na kuyatupa: Vogue, Cosmopolitan, Shape, Self na mengineyo ya jamii hiyo. Bei yake huwa nafuu kwa kuwa habari zilizomo zimekwisha kuchacha. Lakini anayeyanunua aghalabu hatafuti habari. Anatafuta picha, na picha haichachi upesi.

Kutoka hapo barabarani jarida huanza safari ndefu. Hukaa mezani katika saluni mpaka jalada lichanike. Huhamia nyumbani kwa msusi. Humfikia binti yake. Naye binti akirudi shuleni hulitia sandukuni pamoja na sabuni na sukari. Walimu wenzangu wa shule za bweni watanielewa nikisema kwamba ukitaka kujua msichana anatamani kuwa nani, usimwulize. Tazama upande wa ndani wa kifuniko cha sanduku lake la bati, au karatasi aliyolifunikia daftari lake. Mimi nafundisha Kiswahili, na mrundo wa madaftari ninaousahihisha kila juma umenifunza kuhusu mitindo ya London na New York mambo mengi kuliko niliyohitaji kuyajua. Wanawake wa majaladani humo hutofautiana kwa sura na kwa rangi, ila wote wanafanana kwa jambo moja: hakuna hata mmoja mwenye tumbo.

Jambo hili lingekuwa la kuchekesha lau lingekomea kwenye karatasi. Muhula mmoja, msichana wa kidato cha tatu alianguka mstarini wakati wa gwaride la asubuhi. Muuguzi wa shule alipompima hakukuta malaria wala homa ya matumbo. Alikuta msichana ambaye kwa siku nne hakuwa ametia kinywani chochote isipokuwa chai ya rangi, na ambaye githeri yake ilikuwa ikiliwa na jirani yake wa bwaloni. Alipobembelezwa aseme, alitoa ndani ya kitabu cha Biolojia ukurasa uliochanwa kutoka jarida la mazoezi ya mwili. Upande mmoja ulikuwa na ratiba ya kupunguza kiuno kwa siku kumi na nne. Upande wa pili ulikuwa na mwanamke aliyevaa nguo za kuogelea, akitabasamu. Uzito wa msichana yule, kwa mujibu wa chati ya muuguzi, ulikuwa wa kawaida kabisa. Hakuwa na cha kupunguza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuatilia yule mwanamke wa upande wa pili. Ni nani? Kiuno kile ni chake kweli?

Kwa bahati nzuri, wenye majarida wenyewe wameungama mara nyingi, japo aghalabu ni baada ya kukamatwa. Mwezi wa Agosti 1989, jarida la TV Guide la Marekani lilitoka na picha ya mtangazaji Oprah Winfrey jaladani. Kichwa kilikuwa chake. Kiwiliwili kilikuwa cha mwigizaji Ann-Margret, nacho kilichukuliwa kutoka picha ya miaka kumi iliyotangulia. Si mwenye kichwa wala mwenye kiwiliwili aliyeombwa idhini. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono wa mchoraji. Mwaka uliofuata, 1990, programu ya Photoshop ikaingia sokoni, na yale yaliyohitaji fundi hodari yakawa kazi ya dakika chache kwa kijana aliyeketi mbele ya kompyuta. Mwaka 2003 mwigizaji Kate Winslet alijikuta kwenye jalada la toleo la Uingereza la GQ akiwa na miguu myembamba ambayo hakuwahi kuwa nayo. Alilalamika waziwazi, akasema kwamba yeye hafanani na picha ile wala hatamani kufanana nayo.

Lakini kisa ninachopenda kuwasimulia wanafunzi wangu ni cha Self, kwa sababu Self halikuwa jarida la mavazi. Lilikuwa jarida la afya na mazoezi, yaani lile ambalo mzazi mwangalifu angedhani kuwa ni salama. Toleo la Septemba 2009 lilimweka jaladani mwimbaji Kelly Clarkson, mwanamke mnene kiasi ambaye wakati huo alikuwa akiwaambia waandishi wa habari kwamba ameridhika na mwili wake. Ndani ya toleo hilohilo wasomaji walihimizwa kuiamini miili yao. Basi jarida likamchukua Clarkson, likampunguza kwa kompyuta hadi mashabiki wake wakashindwa kumtambua. Mhariri, Lucy Danziger, alipoulizwa hakukana. Alitetea kazi ile, akaeleza kwamba picha ya jaladani hukusudiwa kumwonyesha mtu katika ubora wake. Kisha akaongeza jambo ambalo mimi naliona zito kuliko yote: kwamba yeye mwenyewe, baada ya kukimbia mbio za marathoni, aliagiza nyonga zake zipunguzwe katika picha aliyoitumia jaridani.

Hebu tulitafakari jambo hilo kwa makini. Huyu ni mwanamke aliyekimbia kilomita 42. Nyonga zile ndizo zilizombeba kutoka mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia. Aidha yeye ndiye mwenye kalamu, ndiye mwenye mamlaka, ndiye anayewafundisha mamilioni ya wanawake namna ya kuupenda mwili. Naye pia hakuweza kuitazama picha ya nyonga zake bila kutaka zikatwe. Ikiwa mpishi haonji chakula chake, mgeni ana haki ya kuuliza.

Kisa cha pili kinatuhusu sisi kwa karibu zaidi. Mwezi wa Novemba 2017, toleo la Uingereza la jarida la Grazia lilimweka jaladani Lupita Nyong'o, binti aliyelelewa hapa Kenya na aliyeshinda tuzo ya Oscar mwaka 2014. Katika picha iliyochapishwa, nywele zake zilikuwa zimefutwa na kulainishwa pembeni ili zilingane na wazo la mtu mwingine kuhusu nywele zinazopendeza. Lupita alizitandaza hadharani picha za awali pamoja na ile iliyochapishwa, ulimwengu ukaona tofauti. Jarida likaomba radhi, na mpiga picha naye akaomba radhi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Jarida la mitumba hufika kwetu miezi au miaka baada ya kuchapishwa, lakini huja peke yake. Malalamiko ya Winslet hayakufungiwa ndani ya bunda lile. Maungamo ya mhariri wa Self hayakubandikwa nyuma ya jalada. Msomaji wa New York alipata picha siku ya Jumatatu na majibizano siku ya Ijumaa, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kucheka. Msichana wa shule ya bweni huko Meru au Kisii alipata picha tu. Kwake yeye mwanamke yule alikuwa ni mtu aliyeko mahali fulani, anayeamka asubuhi akiwa na kiuno kile.

Pengine msomaji atasema kwamba ninakikuza kidogo. Wasichana wamewahi kuwaiga warembo tangu zama na zama, na hawafi. Kwa msomaji huyo ninao ushahidi kutoka mbali, katika visiwa vya Fiji. Watu wa huko, kama jamii nyingi za Kiafrika, walikuwa wakiusifu mwili ulionona. Mtu aliyekonda alihurumiwa, ikidhaniwa kuwa jamaa zake hawamtunzi. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika wilaya ya Nadroga, na mtafiti Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard akaitumia fursa hiyo kuwahoji wasichana wa shule wiki chache tu baadaye. Akarudi mwaka 1998 akawahoji wengine wa rika lilelile. Mara ya kwanza, asilimia 12.7 walionyesha dalili za matatizo ya ulaji. Mara ya pili, asilimia 29.2. Mara ya kwanza hakukuwa na hata mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili apunguze uzito. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Wasichana wenyewe walimweleza mtafiti kwamba walitaka kufanana na wanawake waliowaona kwenye michezo ya kuigiza. Ni kweli kwamba waliohojiwa hawakuwa wengi, sitini na kitu kila mara, tena ile ilikuwa televisheni na si jarida. Hata hivyo sijasoma hesabu nyingine iliyonishtua kiasi hicho. Mila ya miaka mingi iliyumba katika muda ambao mwanafunzi wetu hutoka kidato cha kwanza hadi cha nne.

Sisi nasi tulikuwa na mizani yetu. Katika sehemu nyingi za nchi hii kumwambia mwanamke kwamba amenenepa kulikuwa ni kumpongeza; maana yake amepata raha, amejifungua salama, anatunzwa. Huko Uganda, UKIMWI ulipoingia katika miaka ya 1980, watu waliuita silimu kwa jinsi ulivyomkondesha mgonjwa, na hata kwetu mtu aliyepungua ghafla alinong'onewa. Ni ajabu kubwa kwamba wakati uleule ambapo wembamba ulituogofya vijijini, ulikuwa ukiuzwa kama fahari katika kurasa zinazong'aa mjini. Kizazi kimoja kilibeba hofu zote mbili, hofu ya kukonda na hofu ya kunona.

Wanafunzi wa fasihi wanaufahamu Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa Pate mnamo mwaka 1858. Yapo mengi humo ambayo msichana wa leo atayapinga, na ana haki ya kuyapinga, hasa yahusuyo utiifu kwa mume. Lakini nimeutazama tena kwa jicho la suala hili. Panapohusu urembo, mama yule anamwusia bintiye juu ya usafi, nywele, asumini, pete, hina na wanja. Hivyo vyote ni vitu ambavyo mwanamke huvitia na kuvitoa. Mwili wenyewe haukuwekwa kwenye ratili. Urembo wa jarida la siku hizi ni wa namna nyingine: hauvaliwi, bali mwenyewe ndiye anayetakiwa kupunguzwa mpaka autoshe.

Sitaki nieleweke kwamba nausifu unene. Katika nchi nyingine, Mauritania kwa mfano, wasichana wamewahi kulazimishwa kunywa maziwa hadi kutapika ili wanenepe wapate waume, na huo ni ukatili uleule uliogeuzwa nje ndani. Vilevile siwezi kuyapuuza maneno ya madaktari. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Kisukari na shinikizo la damu si uvumi wa majarida. Mwanamke anayetembea kwa miguu kila jioni, anayepunguza mafuta na sukari, anatenda jambo la hekima.

Kosa la majarida ya mazoezi liko kwingine. Yamelichukua jambo la hekima yakalipa kipimo cha uongo. Hayamwambii msomaji kwamba akikimbia kwa miezi mitatu atapanda kilima bila kuhema, au atalala usingizi mzuri. Yanamwambia atafanana na fulani. Miezi mitatu ikipita asifanane naye, huacha kukimbia, au hukimbia huku akijichukia. Jane Fonda, ambaye kanda yake ya mazoezi ya mwaka 1982 iliingia katika nyumba nyingi mno duniani, amesimulia hadharani kwamba kwa miaka mingi ya ujana wake alikuwa mgonjwa wa bulimia, akila kisha akijitapisha. Walimwengu walikuwa wakimwiga bila kujua kilichomo ndani. Kwa upande mwingine tunaye Faith Kipyegon. Alijifungua mwaka 2018, akarejea uwanjani, na mwezi wa Julai 2025 akakimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68, muda ambao hakuna mwanamke aliyewahi kuufikia kabla yake. Nimewauliza wanafunzi wangu mara kadhaa kiuno cha Kipyegon kina ukubwa gani. Hakuna ajuaye, wala hakuna aliyewahi kutaka kujua.

Hata wanamitindo wenyewe hawakusalimika. Mwezi wa Agosti 2006, Luisel Ramos wa Uruguay alifariki huko Montevideo mara baada ya kutoka jukwaani kuonyesha mavazi. Alikuwa na miaka 22. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Ana Carolina Reston wa Brazil, mwenye miaka 21, alifariki kutokana na anoreksia. Katikati ya misiba hiyo miwili, maonyesho ya mitindo ya Madrid yaliwazuia wanamitindo waliokonda kupita kiasi kupanda jukwaani. Israeli ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2012. Ufaransa nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, inataka kila picha ya tangazo ambayo mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au kuongezwa kwa kompyuta iandikwe kwamba imerekebishwa. Anayekiuka hutozwa faini ya euro 37,500 au zaidi.

Niliposoma habari za sheria hiyo nilidhani dawa imepatikana: sasa maungamo yatasafiri pamoja na picha, yamebandikwa juu yake. Utafiti haukuniunga mkono. Marika Tiggemann wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, pamoja na wenzake walizipima lebo za aina hiyo kwa miaka kadhaa, na mara kwa mara waliona kwamba mwanamke aliyesoma lebo hakuridhika na mwili wake zaidi ya yule ambaye hakuisoma. Jicho hutangulia, maandishi huja nyuma yakichechemea. Wakati mwingine lebo humfanya mtazamaji aikodolee macho zaidi sehemu iliyorekebishwa.

Tena jarida la karatasi limeanza kuaga dunia. Self liliacha kuchapishwa kila mwezi mwaka 2017. Wachuuzi wa barabarani wana mabunda machache sasa, na masanduku ya bati yana vifuniko vitupu. Lakini picha hazikufa. Zimehamia kwenye simu, ambako msichana wakati wa likizo huzitazama usiku kucha, na ambako hata rafiki yake wa darasani anaweza kujipunguza kiuno kwa kidole. Nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook zilizofichuliwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba miongoni mwa wasichana waliokuwa wakijihisi vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwazidishia hisia hiyo. Mwenye jarida alikuwa na mhariri aliyeweza kuandikiwa barua. Mwaka 2012 msichana wa miaka 14 wa jimbo la Maine huko Marekani alikusanya sahihi zaidi ya 80,000 akilitaka jarida la Seventeen liache kuwabadilisha wasichana, na wahariri wakaahidi hadharani kwamba hawatabadilisha maumbile yao. Sijui leo msichana wa Embu amwandikie nani barua kuhusu picha ya jirani yake.

Lililonipa moyo ni jambo ambalo shule zetu zinalo tayari. Mwanasaikolojia Eric Stice wa Marekani na wenzake walibuni mpango ambao hauwahubirii wasichana hata kidogo. Wasichana hukusanywa wachache, wakaombwa wao wenyewe waseme, waandike na waigize hoja za kuupinga mwili wa jaridani. Umejaribiwa mara nyingi na umepunguza matatizo ya ulaji kuliko mihadhara ya wataalamu. Mtu akitoa hoja kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya wenzake, huanza kuiamini. Nilipousoma nilicheka peke yangu, kwa kuwa walichokibuni kwa gharama kubwa sisi tunakiita mdahalo na insha, na hufanyika kila Alhamisi alasiri kwa gharama ya chaki.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu insha ya barua ya kirafiki: mwandikie mdogo wako ambaye amechana picha jaridani na kuacha kula chakula cha jioni. Sikuwapa vidokezo. Wengi waliandika kama walivyodhani mwalimu angependa, kwa methali nyingi na jasho kidogo. Lakini mmoja alimwuliza mdogo wake kama mwanamke yule wa picha angeweza kuupanda mteremko wa nyumbani kwao kutoka kisimani akiwa na mtungi wa lita ishirini, na kama aliyempiga picha alimsaidia kuubeba au alisimama tu na kamera yake. Kisha akamwagiza amwulize mama ni nani aliyekula kile chakula cha jioni. Nilimpa alama kumi na nane kwa ishirini. Mbili nilizikata kwa sababu ya alama za kuuliza, ambazo hakuiweka hata moja.